SARO 5 kwenye misimu hii ya mvua zisizoeleweka: maoni ya mama wa mashine, Ifakara

Naona watu wengi wanaulizana kuhusu SARO 5, ile mbegu ya mpunga ambayo kwenye mfuko inaandikwa TXD 306, na majibu wanayopewa ni mawili tu: "inazaa sana" na "haina harufu". La kwanza ni kweli, la pili ni nusu kweli maana harufu inayo kidogo, na yote mawili hayamsaidii mtu anayesimama dukani Desemba akiwa na hela ya mbegu moja tu. Mimi nalima mpunga na nina mashine ya kukoboa hapa Ifakara, kwa hiyo mbegu hii naiona shambani kwangu, halafu naiona tena kwenye magunia ya watu wengine. Shambani kila mkulima anajisifu. Mashineni mapepe, yaani punje tupu zisizojaa, yanapulizwa nje na chenga, ule mchele uliovunjika, zinachujwa pembeni, mwenye gunia anaangalia kwa macho yake.

Niseme mapema ninachoamini: ukinunua SARO 5 unanunua muda. Habari za magunia mengi kwa ekari ziweke pembeni kwanza. Supa yetu, ile mbegu ya zamani yenye harufu, inakaa shambani karibu miezi mitano. SARO 5 inamaliza kwa siku kama 120, basi. Mbegu hii ilipoanza kusambaa kwa wakulima, mwanzoni mwa miaka ya 2000, huo mwezi mmoja wa tofauti hapa bondeni haukuwa na uzito. Maji yalikuwapo, mpunga ukae utakavyo. Leo huo mwezi ndio unaoamua kama utavuna au utakata majani ya ng'ombe.

Kwa wasiojua bonde la Kilombero, sisi si kama Dar es Salaam au Tanga, wenye vuli yao na masika yao. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza utabiri inatuweka kwenye kundi la mvua za msimu, pamoja na Mbeya, Songwe, Ruvuma, Lindi na wengineo. Ukisikia redioni "kusini mwa mkoa wa Morogoro", ujue ni sisi. Msimu wenyewe ni mmoja mrefu, kuanzia Novemba. Baba mkwe wangu alikuwa anakatua na mvua za kwanza, anamwaga mbegu Desemba, mpunga unachanua Aprili maji yakiwa magotini, anavuna jua la Juni likiwaka. Hakuwa na simu wala kalenda ukutani, na hakuhitaji.

Sasa hivi mvua ya Novemba inakuja kwa kishindo, watu wanagombania pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, kulima ekari kunapandishwa bei, kisha Januari jua linatulia utosini wiki hadi wiki. Waliomwaga wanaona miche inakuwa ya njano halafu ya kahawia. Mvua ikirudi Februari, wanarudia. Hapo ndipo Supa inapokuua. Supa uliyomwaga Februari itachanua Juni, wakati udongo wa shamba la juu umeshapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. SARO 5 uliyomwaga siku hiyohiyo inachanua Mei, na Mei huwa bado kuna unyevu wa kumalizia.

Watu wanadhani ukame ni ukame tu. Mpunga mdogo ni mvumilivu kuliko unavyofikiri: unakunja majani, unasimama kukua, ukipata maji unaendelea. Ukishabeba mimba, yaani suke likishaanza kuvimba ndani ya shina, hauna subira tena. Ingia shambani asubuhi ya jua, kama saa tatu hadi saa tano, uangalie suke kwa karibu. Utaona punje zimefunguka midomo, vijiuzi vyeupe vinaning'inia nje na unga wake. Kila punje inafunguka mara moja tu, muda mfupi, inajifunga. Kama saa hizo mmea una kiu, au joto limepita nyuzi 35, chavua haifanyi kazi yake na punje hiyo imeshakuwa pepe. Suke litaendelea kusimama wima, zuri, la kupigia picha. Suke lililojaa huinama. Nikipita barabarani mwezi wa tano nikaona shamba limesimama wima kama askari kwenye gwaride, najua mwenye nalo ataniletea gunia jepesi.

Na kuna joto la usiku, ambalo sisi hatulihesabu kwa sababu usiku tumelala. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, kule Los Baños, Ufilipino, walilinganisha mavuno ya mashamba yao na rekodi zao za hali ya hewa, wakaandika mwaka 2004 kwamba msimu wa kiangazi kila nyuzi moja ya joto la usiku inayoongezeka inaondoa kama asilimia 10 ya mavuno. Hilo SARO 5 haitibu, na muuza mbegu asikudanganye. Inachokupa ni kubadilisha tarehe ya kuchanua, basi.

Mimi nina mashamba mawili, na mbegu hii kwangu ni mbili tofauti kulingana na shamba. La kwanza liko upande wa Kibaoni, juu kidogo, lina majaruba (vipande vilivyozungushiwa matuta ya kushika maji), linategemea mvua na kamfereji kanakojaa kanapotaka. Hapo SARO 5 naipa nyota nne bila kusita. Napandikiza miche michanga, mmoja mmoja au miwili, kwa kamba, nafasi ya sentimita 25 kila upande, ule mtindo wa kilimo shadidi. Miche inachipua pembeni mpaka unashindwa kuhesabu mashina. Msimu mbaya uliopita, ule ambao Januari yote ilikuwa vumbi, nilitoa hapo magunia 19 kwa ekari. Jirani yangu wa Supa, shamba limepakana, tumegawana tuta, alitoa 7, na ndani yake mengi yalikuwa mapepe. Ni mkulima mzuri kuliko mimi huyo. Mbegu yake ilichelewa tu.

Sasa njoo mbugani. Shamba la pili liko upande wa Ulanga, ukishavuka daraja la Magufuli, chini kabisa, udongo mweusi usiohitaji mbolea. Hapo SARO 5 naipa nyota mbili, na moja ni ya huruma. Mmea wenyewe ni mfupi, unakufika kiunoni au zaidi kidogo. Maji ya mbugani hayatoki Ifakara. Yanatoka Njombe na milima ya Udzungwa, yanashuka na Ruhudji, Mnyera na Mpanga, yanakutana huku chini. Unaweza kuwa umekaa kibarazani jua linawaka, mvua hakuna, na shamba lako linazama kwa mvua iliyonyesha kwa watu wengine siku kadhaa zilizopita. Aprili 2024, ule mwaka wa El Niño, mafuriko yalipotandaa Malinyi, Mlimba mpaka Rufiji, SARO 5 yangu ya mbugani ilikuwa imebeba mimba. Maji yaliifunika yote, na hayakuondoka upesi. Mpunga wa kawaida ukizama kabisa zaidi ya wiki moja hivi unaoza. Yalipopungua nilikuta majani yamelala kwenye tope, yanateleza mkononi kama mlenda, yananuka.

Supa ya watu wa pale pale ilikuwa ndefu, vichwa nje ya maji. Ililala pia maji yalipokwenda, ikavunwa imepakaa matope, lakini ilivunwa. Kule India wana mbegu inayovumilia kuzama wiki mbili, Swarna-Sub1, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2009, imefanyiwa kazi hiyo maalumu. Madukani kwetu sijaikuta, wala ya kufanana nayo. Mpaka siku nitakapoikuta, mbugani nabaki na Supa, na wala sioni aibu kuwaambia vijana wa kampeni za mbegu bora kwamba mbegu ya bibi yangu ina kazi yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "SARO 5 ni nzuri?" namuuliza shamba lake likijaa, maji yanamfika wapi. Yakiishia kwenye goti, chukua. Yakikufika kifuani, acha.

Kuna gharama ambazo mfukoni hazikuandikwa. Ya kwanza ni mbolea. Bila urea, SARO 5 ni mpunga wa kawaida mfupi. Unakaribia kulingana na Supa kwa magunia, halafu unazidiwa bei. Na urea ndiyo inayogombana na mvua hizi kuliko kitu chochote. Ukiweka juani kwenye udongo mkavu, inapotea hewani. Ukiweka, usiku ikanyesha kubwa, inakwenda na maji kwa jirani. Hata ukipata mfuko wa ruzuku, mfuko uliosombwa ni umesombwa. Ninachofanya siku hizi ni kugawa: kidogo miche ikishashika, kidogo tena mpunga unapokaribia kubeba mimba, na kabla ya kuweka naziba matundu yote ya majaruba kwa mkono. Utabiri wa siku chache zijazo ndio ninaoutumia kwa kazi hii, kuliko ule wa msimu mzima. Ule wa msimu unakuambia mvua zitaanza lini na kama zitakuwa za wastani, chini au juu ya wastani, na mara nyingi kwa hilo unafaa. Mwaka 2023 walisema mapema kwamba El Niño inakuja na mvua zitazidi, na zilizidi kweli. Ila mvua za wastani zinaweza kunyesha zote ndani ya wiki tatu na ripoti ikabaki sahihi, wewe ukabaki na mapepe.

Gharama ya pili ni ndege. Hii nawaonya kina mama hasa, maana ndio tunaokaa kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia shamba. Ukiwa peke yako na mpunga unaowahi, mbuga nzima bado ya kijani, kwelea kwelea wote wa tarafa ni wako. Wanakuja punje zikiwa bado maziwa, wanakamua, wanaacha ganda. Mtoto wa kuamia ndege siku hizi hapatikani, yuko shule, na ndivyo inavyotakiwa. Kijana wa kulipwa anataka hela yake kila wiki pamoja na chakula. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kukubaliana na majirani mpande SARO 5 kipande kizima kwa wakati mmoja, ndege wakagawana hasara kwa wote. Peke yako, fikiria mara mbili.

Ya tatu ni ugonjwa wa kimyanga. Majani yanakuwa ya njano yenye mistari, mmea unadumaa, suke linashindwa kutoka vizuri. SARO 5 inashikwa na kimyanga upesi, hilo mtaambiwa na afisa ugani yeyote mkweli. Kwangu nimeona kinapamba moto pale wadudu wanapohamia miche iliyopandwa nyuma ya wengine, yaani wale waliorudia baada ya jua la Januari. Ng'oa mashina yenye ugonjwa mapema na usafishe kingo za majaruba. Dawa ya kupuliza ya kuuponya ugonjwa wenyewe hakuna, anayekuuzia anakuibia.

Turudi mashineni, kwa sababu huko ndiko hela iliko. Gunia la kilo 100 la SARO 5 iliyojaa na kukaushwa vizuri hunipa kilo 65 hivi za mchele. La mapepe halifiki hata 50, na mwenye nalo hunitazama mimi kana kwamba nimemwibia. Jambo ambalo wakulima wengi hawalioni ni mvua ya mwishoni. SARO 5 inawahi kukomaa, na kama uliimwaga Januari mapema, inakomaa Mei, ambapo siku hizi mvua za mwisho bado zinapigapiga. Mpunga uliokwisha kukauka ukinyeshewa kisha ukapigwa jua tena, punje inapasuka ndani kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Ukiingia kwenye mpira wa mashine unatoka vipande. Watu wanasema SARO ina chenga. Chenga ni ya kuchelewa kukata. Kata suke likiwa na rangi ya dhahabu sehemu kubwa na punje za chini bado zina ukijani kidogo, piga siku hiyohiyo au kesho yake, anika kwenye turubai, geuza kila mara, na usianike juu ya lami maana joto la lami nalo linapasua. Jaribu kwa jino: punje ikikatika kwa mlio mkavu, lete. Ikibonyea, rudisha nyumbani.

Bei: wanunuzi wa kutoka Dar hunusa. Anachota kiganjani, anapulizia pumzi ya moto, anapeleka puani. Supa inamjibu, SARO 5 inanong'ona. Mara ya mwisho nilipouza, tofauti ilikuwa shilingi 200 kwa kilo. Wengine wanaununua kwa bei ya SARO, wanauchanganya na Supa huko mbele ya safari, mnaula kwa jina la mchele wa Kyela, haya. Kwenye sufuria sina malalamiko nao. Unaiva haraka, unachambuka, hautaki maji mengi, na ukiupika kwa nazi hakuna mgeni atakayekuuliza mbegu gani. Wali wa msiba na wa harusi napika SARO. Wali wa mama yangu akija kutoka Mahenge napika Supa, maana ataanza kusema kabla hajakaa.

Piga hesabu mwenyewe. Kwenye msimu uliokaa sawa, Supa nzuri yenye bei nzuri inaweza kuikaribia SARO 5 kwa faida, ukitoa mbolea na ndege. Kwenye msimu uliochelewa, shilingi 200 ya harufu haina maana kama kilo zenyewe hazipo. Na misimu iliyochelewa ndiyo ninayoiona mingi.

Kuhusu kununua. Mfuko niliochukua mara ya mwisho ulikuwa shilingi 3,000 kwa kilo, na kwa kupandikiza kilo 8 zinanitosha ekari; wanaomwaga wanatumia mara tatu yake. Angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ile yenye sehemu ya kukwangua namba ya kuhakiki, na uihakiki ukiwa bado dukani. Duka moja la pembejeo, silitaji, liliniuzia mfuko usio na lebo kwa maneno matamu, "mama, hii ni ileile, lebo imebanduka tu". Shambani ilitoka mchanganyiko: mimea mirefu, mifupi, mingine ilichanua wiki mbili baada ya wenzake, na mchele mwekundu ndani. Niliporudi dukani nikaambiwa udongo wangu ndio mbaya. Mbegu ya kuazimiwa ubora, inayozalishwa na vikundi vya wakulima vijijini na kukaguliwa, kwangu imekuwa nzuri na ni rahisi zaidi, na muuzaji unajua anakolala. Tena SARO 5 si chotara kama mahindi ya dukani. Ukichagua masuke yako safi unaweza kuirudia misimu kadhaa kabla haijachafuka.

Hata yenye lebo, ijaribu. Chukua ndoo ya maji, weka yai bichi lisilo viza, litazama. Ongeza chumvi huku unakoroga mpaka yai lielee. Toa yai, mimina mbegu, koroga. Zinazoelea ni nyepesi, wape kuku. Zilizozama zioshe kwa maji safi mara mbili au tatu, chumvi iondoke kabisa, ndipo uloweke. Kitalu kinachotoka hapo ni kizito na sawasawa, na kwenye wiki za jua la Januari tofauti inaonekana: miche ya mbegu nzito inakunjakunja majani na kungoja, ile mingine inakwenda.

Msimu ujao Kibaoni ni SARO 5 yote, mbugani Supa yote. Naangalia pia Komboka, mbegu nyingine ya mpunga. Nimekoboa magunia machache ya watu na yalitoka na chenga kidogo, lakini sijailima kwa hiyo siipi nyota.

Ombi moja kwa wateja wangu na wa mashine zote. Msilete Supa na SARO kwenye gunia moja ili "mzigo utoshe safari". Punje hazilingani unene. Nikibana mpira kwa ajili ya nyembamba, nene zinavunjika. Nikilegeza, nyembamba zinatoka na maganda, tunarudia mara ya pili na umeme unasoma. Njooni na magunia mawili, kila moja na kamba ya rangi yake, bei ya kukoboa ni ileile.